Jiko Linalouma Jumamosi

Kabla sijaona mtu nilisikia sufuria ikianguka kwenye sementi. Ililia kwa nguvu, ikabiringika, ikalialia mpaka ikatulia. Halafu nikamsikia dada yangu. Haikuwa kelele ya mtu aliyeona panya. Ilikuwa fupi, imekatika katikati, kama ya mtu aliyepigwa kofi kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Mimi nilikuwa bado uani, mkoba begani, vumbi la barabara ya Bunda limejaa kwenye nyusi. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, pole kabisa, kama anayesema mvua imerudi:

"Ameanza."

Nikapita mlango wa nyuma bila kubisha hodi.

Dada yangu Nyamburi alikuwa amesimama katikati ya jiko, miguu mitupu juu ya sakafu aliyotoka kuideki, mkono wa kulia ameubana kwapani. Maji ya chai yalikuwa yakitambaa kuelekea mlangoni. Mama mkwe wake, mama Wankyo, alikuwa ameegemea ukuta na mtoto mgongoni, anamtingisha taratibu. Mbele yao, juu ya meza ya mbao, palikuwa na jiko dogo la umeme, la sahani moja, ambalo Clementi, mume wa dada, alilinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akihama Musoma.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Ndiyo huyu fundi wetu wa Mwanza? Karibu." Akanitazama kuanzia chini. Nilikuwa nimevaa bugaluu, miguu yake mipana inaburuta chini. "Na hiyo suruali, baba, unafagia barabara? Serikali inakulipa?"

"Bado hawajaanza kunilipa, mama."

"Watakulipa. Njia yote kutoka Bunda itakuwa safi."

Nilicheka kwa adabu, lakini sikuwa nimekuja kucheka. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Kwetu Bunda watu walikuwa wanabomoa nyumba zao za zamani na kujenga upya kandokando ya barabara, katika kijiji cha ujamaa, na baba yetu, mzee Mhoja, alikuwa juu ya paa akifunga fito siku habari ilipomfikia. Habari yenyewe ilikuwa fupi: njooni mmchukue binti yenu, jiko la nyumba limemkataa. Wazee wa ukoo wa Clementi wangefika Musoma Jumapili kutoka Butiama, wangekaa, wangesema, na Nyamburi angeondoka. Mtoto, Dorkas, angebaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikwishatolewa na mtoto ni wa nyumba ya baba yake. Bado alikuwa ananyonya.

Baba hakuweza kuja. Nilikuwa likizo, natoka chuo cha ufundi, mwaka wa pili wa umeme. Akanituma mimi. "Nenda kasikilize," alisema. "Usigombane." Ananijua.

Nyamburi alichukua tambara akaanza kufuta maji. Chumbani kwake, kupitia mlango uliokuwa wazi, nililiona sanduku lake la bati limefungwa kwa kamba.

"Dada, amekuuma nani?" nikauliza.

"Jiko."

"Ulikuwa umeliwasha?"

"Sijaliwasha hata. Nilikuwa naweka sufuria tu."

Mama Wankyo akaguna. "Umesikia mwenyewe. Limezimwa, na linamuuma. Mimi nalishikaga kila asubuhi, nalifuta, haliniumi. Clementi amelishika, halikumuuma. Sasa mimi nimezaa, nimezika, nimekaa na majiko ya mawe tangu nikiwa msichana. Sijawahi kuona jiko linalochagua mtu mmoja ndani ya nyumba. Jiko likimkataa mwanamke, huyo mwanamke hapo si kwake. Simchukii. Nasema ninachokiona."

Na kweli hakuwa mwanamke mwenye chuki. Alikuwa amekuja tangu mtoto azaliwe, anamwogesha, anampakata, anafua nepi kwa mikono yake. Ndiyo maana maneno yake yalikuwa na uzito. Angekuwa mkorofi, tungemwambia Clementi kwamba mama yake ni mkorofi, na mambo yangeishia hapo.

Clementi alitoka sebuleni na gazeti mkononi, redio nyuma yake inasoma bei ya pamba. Alikuwa karani katika ofisi moja ya pamba mjini, kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata ndani ya nyumba.

"Shemeji, karibu. Bora umekuja wewe mwenye elimu ya mambo haya. Mwambie dada yako."

"Nimwambie nini, shemeji? Wewe umeshamwambia kila kitu. Mpaka sanduku limefungwa."

"Usinipandishie sauti ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba ya ofisi," nikasema. Baba alikuwa amekosea kunituma.

Clementi alikunja gazeti, akanihesabia hoja zake kama yuko ofisini. Jiko alilipeleka kwa fundi Keraryo pale sokoni Mwigobero, akalifungua mbele yake, akalipima, akasema zima. Alilirudisha. Jumamosi iliyofuata Nyamburi akapiga kelele kwamba limemuuma. Yeye Clementi akalishika palepale kwa mkono mzima, halikumfanya kitu. Mama akalishika, hakuna kitu.

"Na kitu kimoja zaidi," akasema. "Zamani nyumba hii ilikuwa inatusumbua. Ukichomeka pasi tu, fyuzi inakatika, giza. Nilikuwa nabadilisha waya wa fyuzi mpaka nikachoka. Tangu mama aje, haijakatika hata siku moja. Umeme umetulia. Mama amekuja na baraka, na huyu anasema nyumba inauma. Nimwamini nani?"

Maneno hayo yalinipita sikioni, kisha yakarudi. Fyuzi iliyokuwa inakatika, na sasa haikatiki, na hakuna mtu aliyetengeneza kitu. Kitu kama hicho hakitulii chenyewe.

"Dada," nikauliza, "linakuuma kila siku?"

Nyamburi alikamua tambara kwenye ndoo. Hakuniangalia. "Jumamosi. Siku nyingine hapana. Nimeangalia sana. Ni Jumamosi tu, kama leo."

Clementi alicheka kwa nguvu. "Basi ni Msabato! Jiko letu limebatizwa! Halitaki kazi siku ya Sabato!"

Hata mama Wankyo alicheka, na mtoto mgongoni akatingishika kwa kicheko cha bibi yake. Nyamburi hakucheka. Mtu anayezua uongo angesema linamuuma kila siku, ahurumiwe kila siku. Huyu alikuwa amehesabu, akaleta jibu linalochekesha, na akalileta hivyohivyo kwa sababu ndilo alilolipata.

"Jumamosi unafanya nini ambacho siku nyingine hufanyi?"

"Nadeki nyumba nzima. Nampigia pasi mashati ya wiki, na la kanisani."

Nikatazama. Pasi ilikuwa mwisho wa meza, imesimamishwa wima karibu na shati jeupe, waya wake umechomekwa ukutani. Nikatazama miguu. Viatu vya Clementi vilikuwa vya soli nene. Miguu ya dada ilikuwa mitupu na imelowa. Na mama Wankyo alikuwa amevaa katambuga, zile ndala nzito zilizokatwa kwenye tairi la lori.

"Mama," nikasema, "hizo katambuga unavaaga hata humu ndani?"

"Sementi inanitafuna miguu. Kwani?"

"Siku zote? Hata unaposhika jiko?"

Hapo nilikosa ustaarabu. Nilikuwa nimeanza kuliona jibu kwa mbali, na nikiliona jibu mdomo wangu huwa unakimbia mbele ya heshima. Nikasema: "Basi ndiyo hizo. Hizo katambuga zako ndizo zinazokukinga."

Uso wake ulibadilika. "Zinanikinga?"

"Ndiyo mama, bila hizo..."

"Unasema viatu vyangu vina dawa? Mimi? Nimekuja na dawa nyumbani kwa mwanangu, nimlogee mke wake?"

"Sikusema hivyo, mama, mpira wa tairi..."

"Clementi, unasikia? Wamemtuma kutoka Bunda aje kuniita mchawi!"

"Shemeji!" Clementi akapiga hatua.

"Ngoja," mama Wankyo akasema. "Ngoja, baba. Leo tumalize." Akatupa katambuga moja kwa mguu, ikagonga ndoo. Akatupa na ya pili. Akasimama miguu mitupu juu ya sementi iliyolowa, mtoto mgongoni, akaanza kwenda kwenye jiko na kiganja mbele.

Nyamburi alipiga ukelele: "Mama! Mtoto!"

Sikujua bado ugonjwa uko wapi. Nilijua tu kwamba upo. Kumkamata mama mkwe wa dada yangu kifuani na kumsukuma ni jambo ambalo lisingesameheka mpaka tufe wote. Na kama angekuwa ameshagusa, umeme ungenipita na mimi. Wakati naingia nilikuwa nimeliona sanduku jeusi la swichi kuu ukutani, kwenye korido, pembeni ya mlango wa sebule. Nilimpita Clementi kwa bega, nikaruka, nikaivuta ile swichi chini.

Redio ilikufa katikati ya neno.

Kutoka jikoni ikaja sauti ya ushindi: "Mmeona? Nimelishika! Nimelishika kwa mikono miwili! Liko wapi hilo linalouma?"

Nilirudi jikoni. Alikuwa amelikumbatia lile jiko kama amepata mtoto wa pili. Clementi alinitazama mimi, akatazama redio iliyonyamaza, akanitazama tena.

"Umezima," akasema.

"Nimezima."

"Kwa hiyo hakuna kilichojulikana."

"Kilichojulikana ni kwamba wako hai wote wawili. Naomba swichi ile isiguswe na mtu mpaka nirudi."

Nikatoka nje. Nyumba yoyote iliyofungwa umeme vizuri ina waya mmoja ambao hauwashi taa wala hauchemshi maji. Unatoka kwenye swichi kuu, unateremka ukutani, unaingia ardhini na kufungwa kwenye chuma kirefu kilichopigiliwa kwenye udongo. Kila kitu cha chuma ndani ya nyumba, jiko, pasi, sanduku lenyewe la swichi, kimeunganishwa na waya huo. Umeme unakuja kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukitoroka njiani ukaingia kwenye bati la jiko, waya wa ardhini unaupa njia ya kushuka. Unashuka kwa wingi na kwa kishindo, ule waya mwembamba wa fyuzi unayeyuka, nyumba inaingia giza. Giza hilo ndiyo nyumba inaomba msaada.

Nyuma ya jiko, kwenye ukuta, niliikuta misumari ya kushikia waya. Imejipanga kutoka juu mpaka chini, na haishiki kitu. Juu kabisa, chini ya paa, kipande cha shaba kifupi kama kidole kilikuwa kimening'inia. Chini, kwenye udongo, kichwa cha chuma kilikuwa kimechomoza na kipande kingine, kimekatwa kwa panga. Mkato wenyewe ulionekana, umelala upande.

Nilirudi mpaka mlangoni na moto kifuani. Ndipo nikamwona Dorkas vizuri kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nyamburi alikuwa amemchukua, anamnyonyesha kwenye kizingiti. Mikononi na miguuni mtoto alikuwa amevaa bangili za shaba, nyuzi zimesokotwa pamoja kwa ustadi, zimesuguliwa kwa majivu mpaka zinawaka. Kazi ya mikono inayojua. Zamani akina bibi walikuwa wanazisuka hivyo, shaba ilipokuwa inaletwa na wachuuzi na kubadilishwa kwa mbuzi. Sasa shaba haionekani, na bibi aliyejaliwa mjukuu wa kike anaona aibu kumwacha mikono mitupu.

Nikafungua mdomo. Nyamburi akanishika kifundo cha mguu.

"Silasi. Nimeuona uso wako. Polepole."

"Amekata waya, dada. Amekata..."

"Polepole, nimesema. Mama alikaa siku nzima anazisuka hizi bangili. Vidole vilimtoka damu. Ukimpigia kelele, atakataa, na mume wangu atamsimamia, na kesho mimi naondoka bila huyu." Akamgeuza mtoto titi la pili. "Usiseme. Onyesha."

Nilikaa chini nikapumua. Kisha nikafungua mkoba wangu. Nilikuwa natembea na vifaa vyangu popote, kwa majivuno zaidi kuliko haja: koleo, bisibisi, nyaya kidogo, na kishikio cha globu. Nikaenda sebuleni nikatoa globu ya taa, nikaifunga kwenye kishikio na nyaya mbili ndefu.

"Mama," nikasema, "nimekukosea kwa maneno. Sikusema dawa, lakini nilisema vibaya. Naomba uone kitu, halafu ukisema niondoke, nitaondoka."

Alivaa katambuga zake akaja. Swichi kuu ikiwa bado chini, nilifunga waya mmoja kwenye bati la jiko. Jiko lenyewe nikalionyesha kwa wote: kitufe kiko kwenye kuzima. Waya wa pili niliupitisha dirishani, nikaufunga kwenye kile chuma kilichochomoza kwenye udongo. Globu nikaining'iniza dirishani, mahali pa kuonekana. Nikawatoa watu wote nje.

"Asiguse mtu kitu. Shemeji, ingia wewe, umevaa viatu, mkono mkavu. Inua swichi ile, usishike kingine, urudi."

Clementi akaingia. Redio ikaanza kuzungumza. Na globu, iliyofungwa kwenye jiko lililozimwa na kwenye udongo wa nyuma ya nyumba, ikawaka. Si kidogo. Iliwaka kama taa ya sebuleni.

Mama Wankyo alisogea, nikanyoosha mkono kumzuia, akasimama.

"Inawaka kwa nini?" akauliza. "Nani ameiwashia?"

"Jiko ndilo linaloiwashia, mama."

"Limezimwa."

"Limezimwa. Shemeji, rudi ndani. Pasi. Zima kwenye swichi yake ya ukutani, halafu uichomoe kwa kushika plagi. Usivute waya."

Clementi akaingia. Tukasikia swichi ikilia. Globu ikazimika.

"Irudishe."

Ikawaka.

"Zima tena."

Ikazimika. Clementi alitoka nje, amebeba pasi imening'inia kwa waya wake kama kuku. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ni pasi," akasema.

Niliiweka kwenye kizingiti nikafungua skrubu za nyuma. Pale waya unapoingilia, mpira ulikuwa umelika kwa kupindwapindwa, na uzi wa umeme ulikuwa umelalia bati. Keraryo hakukosea, jiko lilikuwa zima kabisa. Umeme ulikuwa unatorokea kwenye bati la pasi, unapita ule waya wa ardhini wa ndani, unatafuta pa kushukia, haupati, unajaa kwenye bati la jiko na kungoja. Anayepiga pasi anashika mpini wa mbao, hasikii kitu. Anayevaa tairi au soli nene hasikii kitu. Mwenye miguu mitupu kwenye sakafu iliyodekiwa, yeye ndiye anayegeuzwa kuwa njia.

"Ndiyo maana fyuzi ilikuwa inakatika zamani," nikamwambia Clementi. "Kila ulipochomeka hii pasi, nyumba ilikuwa inakuambia. Halafu ikanyamaza, ukafurahi."

"Ilinyamaza kwa nini?"

Nilikumbuka mkono wa dada kwenye kifundo cha mguu wangu. Nilikwenda tu ukutani nikapandisha kidole kwenye misumari mitupu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye kile kipande cha shaba chini ya paa.

Mama Wankyo alifuata kidole changu kwa macho. Halafu akamgeukia mjukuu wake, akamtazama mikononi.

"Niliujaribu kwanza," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niliukata chini, nikaingia ndani, nikawasha taa. Ziliwaka zote. Nikawasha redio. Iliimba. Nikasema, waya huu hauna kazi, wameusahau mafundi. Upo uchi, hauna hata mpira wa kuufunika. Waya wa umeme si unafunikwagwa? Huu ulikuwa unaingia kwenye udongo tu. Nani anaupelekea udongo umeme?"

"Hata mafundi wazima wanauliza hivyo, mama," nikasema, na sikuwa nadanganya.

"Na leo nilitaka kulishika." Akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani. "Na huyu mgongoni."

Clementi aliinama karibu yake. "Mama, hukujua."

"Sikujua. Na huyu?" Akamnyooshea Nyamburi kidole. "Huyu alikuwa anajua. Alikuwa anasema kila Jumamosi. Nilimwambia jiko limemkataa." Akaanza kuivuta kanga kichwani. "Nyamburi, mwanangu. Mvulie mtoto hizo bangili. Zirudishwe ukutani."

Nyamburi akanitazama. "Zinafaa, Silasi?"

"Hazifai tena. Zimekuwa vipande. Waya ule unatakiwa kuwa mmoja, mzima, kutoka swichi mpaka ardhini. Nitapata mwingine."

"Basi abaki nazo," dada akasema. "Mama amezisuka vizuri."

Nilikwenda Mwigobero kwa miguu, nikamkuta Keraryo amekaa kati ya mizani za wauza dagaa, redio tatu zimefumuliwa mbele yake. Nilipomweleza, alipiga paji la uso. "Nililipima jiko hapahapa kwangu! Lingeonyesha nini, maskini, liko mbali na pasi yake?" Shaba hakuwa nayo ya kutosha, duka la ushirika ndilo halikuwa nayo kabisa, akatoa waya uliotoka kwenye nyumba iliyobomolewa, akanipa na kipande cha bomba. Nilirudi, nikateremsha swichi kuu, nikamwambia Clementi asimame mbele yake asimruhusu hata mtoto wa jirani. Nikafunga waya mpya kutoka juu mpaka chini, nikaupitishia ndani ya bomba, nikaubana kwenye chuma, nikamwaga ndoo ya maji kwenye udongo ili upokee umeme vizuri. Mama Wankyo alikuwa amekaa kwenye kinu muda wote, anaangalia kila msumari.

"Na hilo bomba ni la nini?"

"Waya usionekane na bibi mwingine."

Alinitishia kwa katambuga. Ndipo nikajua kwamba tumepona.

Pasi niliikata waya wote ulioharibika, nikafunga upya. Kabla ya hapo nilitaka waone: niliichomeka mara moja ikiwa bado mbovu, waya wa ardhini ukiwa umerudi, watu wote wako mbali. Fyuzi ilipasuka, pwaa, redio ikafa. Mama Wankyo aliruka. "Ndiyo hiyo?" akauliza. "Ndiyo sauti yake," nikasema. "Ikikatika, usiiwekee waya mnene ili inyamaze. Chomoa vitu, tafuta kinachoikata." Clementi aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Nikaweka waya mpya wa fyuzi, nikaongeza kwamba viatu si dawa, mkono wenye maji usiguse swichi, na mtu akinaswa asivutwe kwa mkono. Izimwe kwanza swichi kuu. Nilisema mengi. Nilikuwa na haki ya kusema mengi siku ile.

Jioni jua likiwa bado juu ya ziwa, chai ilichemka kwenye lile jiko. Mama Wankyo alisema kesho yeye mwenyewe atasimama barabarani kuwapokea wazee, na atawaambia kikao ni cha kumwona mtoto na kula, basi. "Nitasema nimekata waya. Wanicheke wanavyotaka. Nimechekwa na watu wakubwa kuliko hao."

Nyamburi aliweka vikombe mezani. Hakukaa. "Asante mama. Nimekusikia wewe." Akasimama mlangoni mwa chumba, pembeni ya lile sanduku lililofungwa kamba, wala hakugusa kamba. "Mwenye nyumba sijamsikia."

Clementi aliweka kikombe chini. Alitazama gazeti, likawa halimsaidii. Akamtazama mama yake. Mama yake akageuka dirishani makusudi. Akanitazama mimi, na mimi nikanywa chai.

"Nilisema nani nimwamini," akaanza.

"Ulisema."

"Mbele ya ndugu yako."

"Na mbele ya mama. Na Keraryo amesikia, na wazee wa Butiama wamesikia. Wote wamesikia kwamba mimi ni mwongo."

Mtanashati wetu wa ofisini, mwenye hoja za kuhesabu, alikuwa anatafuta neno na vidole vinacheza na ukingo wa meza. Nilikuwa tayari kumsaidia kwa maneno makali, lakini dada alinitupia jicho moja, nikabaki na chai yangu.

Clementi akasimama. Alivua viatu vyake, akaviacha chini ya kiti, akaenda na soksi mpaka pale mlangoni alipokuwa dada.

"Nyamburi," akasema, kwa sauti ambayo hata jirani alisikia, "mbele ya mama na mbele ya shemeji. Kesho nitawaambia wazee kwamba wewe ulisema kweli na mimi nilicheka. Na kuanzia leo, ukiniambia kitu kimekuuma ndani ya nyumba hii, kiwe jiko, kiwe maneno yangu, kiwe mtu wa kwetu, nitazima kwanza. Sitakishika kukujaribu. Nitazima kwanza, halafu ndiyo nitauliza."